Mlango wa banda la bata na ile ndege ya Malaysia

Jamani nianze na bata kwanza manake bila bata hii stori haina kichwa. Ami yangu anakaa Kipungani, kule mwisho wa kisiwa cha Lamu, ana bata kumi na kitu, na banda lao mlango wake si ubao wala si bati. Ni kitu cheupe kilichopauka, chepesi hata mtoto anakibeba, na pale alipokikata kwa msumeno ukichungulia unaona vitundu vitundu vimepangwa kama sega la nyuki. Hicho kitu nimekiona miaka. Nimekula pilau pembeni yake, nimekiegemea, na haikunijia akilini hata siku moja mpaka usiku mmoja niko kwa simu naangalia video za MH370, ile ndege ya Malaysia iliyopotea (najua, najua, mke wangu pia ashachoka) nikaona kipande kilichookotwa Msumbiji, wakakigeuza upande kwa kamera, sega la nyuki. Nikakaa kitako.

Kwa wasionijua mimi ni fundi simu hapa Amu, yaani Lamu, kibanda changu kiko Usita wa Mui, na hii habari ya ndege kunishika haikuanza juzi. Tangu 2014. Wengine wana Arsenal, mimi nina hii.

Tukumbushane kidogo. Ndege iliruka Kuala Lumpur Jumamosi tarehe 8 Machi 2014, saa sita na dakika 42 usiku kwa saa za kwao, inakwenda Beijing, Boeing 777, ndani watu 239. Kwa saa zetu ilikuwa bado Ijumaa, saa moja na dakika 42 jioni, yaani huku watu wanajitayarisha kwa Isha. Saa mbili na dakika 19 zetu sauti kutoka kwa ndege ikawaaga watu wa chini, usiku mwema, sauti ya kawaida tu. Dakika mbili mbele transponda ikazimika, ile mashine inayoiambia rada mimi ni nani na niko juu kiasi gani. Halafu rada za jeshi zinaonesha ndege ilikata kona ikarudi ilikotoka, ikavuka Malaysia, ikapita karibu na Penang, ikapanda na mlango bahari wa Malacca mpaka rada nayo ikaipoteza. Na haikuanguka hapo! Iliendelea kuruka karibu masaa sita mengine. Sisi huku tumeswali, tumekula, tumelala, na mara ya mwisho kitu chochote kusikika kutoka kwa ndege ile ilikuwa saa tisa na dakika 19 usiku wetu, kabla hata ya adhana ya alfajiri. Yaani kisa chote kiliingia ndani ya usiku mmoja wa Amu, baina ya Isha na alfajiri, na juu ya bahari hii hii tunayooga.

Sasa watu huniuliza kibandani, wewe wajuaje iliruka masaa yote hayo na kila kitu kilizimwa? Hapa ndio ninapojifanya profesa. Simu yako hata usipoigusa, hata isipopigiwa, inasalimiana na mnara. Mnara unabisha hodi, simu inaitika nipo. Huoni wala husikii lakini yanafanyika. Ndege nayo ilikuwa na mashine ya kuongea na satelaiti ya Inmarsat iliyo juu ya Bahari ya Hindi, na kila baada ya kama saa moja kukiwa kimya, satelaiti ilibisha hodi na ndege ikaitika. Maneno hayakuwepo, mahali hapakutajwa, ni "nipo" tu. Lakini ukipima hodi ilichukua muda gani kwenda na kurudi unajua aliyeitika yuko mbali kiasi gani na satelaiti, kama mtu anayekuitika kutoka ndani ya nyumba ya ghorofa, humuoni ila kwa ile sauti unajua yuko chini dakani au yuko juu kabisa. Umbali huo ukiuchora kwa ramani inatoka duara kubwa, na ndege iko mahali fulani juu ya ule mstari. Wataalamu wakapima na ile sauti inavyobadilika, unajua honi ya pikipiki inavyolia ikija na inavyolia ikishakupita, wakapata kuwa ndege ilishika kusini. Kusini kabisa, kwenye maji ya magharibi ya Australia ambako hakuna kisiwa wala nini. Tarehe 24 Machi waziri mkuu wa Malaysia akatangaza hivyo, safari imeishia kusini mwa Bahari ya Hindi. Na ile salamu ya mwisho ya saa tisa na dakika 19 haikuwa ya kawaida, ni ndege yenyewe iliyobisha, kama simu iliyozima halafu ikawaka inatafuta upya netiweki. Wataalamu wanasema umeme ulikatika kwa sababu mafuta yalikuwa yameisha.

Ile ya "simu za abiria zilikuwa zinaita", naomba tuizike leo. Siku za mwanzo jamaa za abiria walikuwa wanapiga na wanasikia inaita, wakaona basi watu wako hai. Mlio unaousikia wewe unayepiga hautoki kwa simu ya yule unayempigia, unatoka kwa netiweki, inaweza kukupigia huo mlio huku bado inamtafuta mwenzako iko wapi. Nimewaeleza wateja mara ngapi. Inaniuma lakini, manake mtu aliyempoteza mtu wake hatafuti somo la netiweki, anatafuta "hallo".

Kuna simu moja lakini iliyoshika mnara kweli kweli. Ya rubani msaidizi. Ndege ilipopita karibu na Penang mnara mmoja wa pale uliinasa kidogo tu, hakuna kupiga hakuna meseji, ikapotea. Hiyo iko kwa ripoti ya serikali ya Malaysia. Mimi nilipoisoma hiyo sikulala vizuri.

Barazani Mkunguni ukiileta hii mada kahawa inaisha na haijafika popote. Kuna mzee wetu yeye ni Diego Garcia, kile kisiwa cha katikati ya Bahari ya Hindi, Wamarekani wameishusha kwa kambi yao, umwambie nini umwambie nini, Diego Garcia. Mwengine atakwambia kule Maldives watu waliona ndege kubwa inapita chini chini asubuhi ile (ni kweli walisema, ila kwa hesabu ya mafuta na zile hodi haiingii). Mwengine majini. Mwengine ati Warusi. Kuna aliyesema ni yale matunda, manake ndani kulikuwa na shehena ya mangosteen tani nne na kitu, na kilo 221 za betri za lithiamu, na hapo kwenye betri angalau nilimsikiliza manake betri ya lithiamu ikivimba mimi huitoa nje ya kibanda kwa koleo. Lakini moto wa betri kisha ndege iruke masaa mengine sita imekata kona vizuri namna hiyo? Hapana.

Na wa Diego Garcia nina jibu lake moja tu. Pemba.

Watu hawaijui hii, wanajua kile kipande cha kwanza tu, kile cha kisiwa cha Réunion Julai 2015 kilichookotwa na wasafisha ufuo kikiwa kimeota wale viumbe wa gamba tunaowakwangua chini ya vyombo kabla ya kupaka deheni. Lakini Juni 2016 wenyeji wa Pemba, Pemba hii hii ya Tanzania, waliokota kipande kikubwa cha bawa la kulia. Kilikuwa na namba za kiwandani na tarehe ya kutengenezwa, Januari 2002, zikalingana na ndege ile, Septemba ikathibitishwa. Kutoka Pemba mpaka Amu hata kilomita 400 hazifiki! Halafu kuna ambalo mimi huona ndio kubwa kuliko yote. Kile kipande ni cha flapu, ile sehemu ya nyuma ya bawa rubani anayoiteremsha akitaka kutua, ukikaa dirishani umeiona ikishuka na kuvuma. Waaustralia wakakichunguza ndani, alama za mikwaruzo na pale kilipogongana na mwenziwe wa pembeni, wakasema kuna uwezekano mkubwa flapu haikuwa imeteremshwa. Maana yake ni nini, maana yake wakati ndege inaingia majini hakuna aliyekuwa anajitayarisha kutua juu ya maji taratibu. Meli zimepiga sonar, ile ya kupima chini ya bahari kwa sauti, kilomita za mraba 120,000 mpaka Januari 2017, karibu moja ya tano ya Kenya nzima, maji kina kama kilomita nne, wakakuta mabaki ya meli mbili za makaa za karne ya 19 na ndege hawakuiona, ikaja kampuni ya Ocean Infinity 2018 nayo ikarudi mikono mitupu, na kumbe kitu kilichotuambia mengi kuhusu dakika za mwisho kilikuja chenyewe kwa mkondo mpaka kwa Wapemba.

Na mkondo hauna siri kwa mtu wa pwani. Maji yanatoka kule Australia na Indonesia yanakuja magharibi, yanapita Madagaska, yakifika pwani ya huku yanagawika, mengine yanashuka na Msumbiji, mengine yanapanda Tanzania, Mombasa, Malindi, Amu. Wakati wa kusi yanapanda kwa nguvu moja kwa moja mpaka Somalia. Wakati wa kaskazi maji ya Somalia yanashuka yanakutana na haya yetu huku huku kwetu yanageuka kwenda zao baharini. Mlima Krakatoa ulipolipuka kule Indonesia mwaka 1883, yale mawe mepesi yanayoelea, haya tunayosugulia miguu, yalivuka bahari yakafika Afrika Mashariki. Nenda ufuo wa Shela leo baada ya wiki ya kusi kali, au Kiwayu ndio usiseme, okota chupa za plastiki usome maandishi yake, utakuta za Kiindonesia. Lile dau la plastiki la Flipflopi lililojengwa hapa hapa Amu na kuvishwa champali (ndala) kutoka nje mpaka ndani, unadhani champali zile zote zilikuwa za Waswahili? Basi kama champali inafika, na jiwe linafika, na kipande cha bawa kimefika Pemba mwezi wa sita kusi iko juu, kile kilichoikosa Pemba kilikwenda wapi?

Ndio nikamkumbuka ami.

Kabla ya kufika kwake niwaambie ninavyoona mimi, manake najua mtauliza. Mimi naona mkono wa mtu ulikuwepo. Ripoti ya Malaysia ya Julai 2018 yenyewe inasema ile kona ya kwanza ilikatwa kwa mkono na haiwezi kukataa kuwa kuna mtu aliingilia, halafu ikafunga kwa kusema haiwezi kueleza sababu. Kurasa mia kadhaa kwa jibu hilo. Baada ya ile kona ya mwisho ya kusini naona ndani hakukuwa na mtu aliye macho, ndege inajiendea yenyewe mpaka tanki likauke. Nani, sisemi. Wengi wamemkamata rubani mkuu kwa sababu kwenye ile kompyuta yake ya nyumbani ya kuchezea kurusha ndege kulikutwa alama za njia inayoelekea kusini mwa Bahari ya Hindi. Inaweza kuwa. Lakini mimi kazi yangu ni kufungua simu za watu, na wallahi nikitaka kumtia mtu hatiani kwa yaliyomo kwenye simu yake hakuna atakayepona mji huu, kuanzia mimi. Mtu hawezi kujibu, familia yake iko, tuwe na haya.

Na msiniambie ndege haiwezi kupotea zama hizi. Mei 2007 ile ya Kenya Airways iliyotoka Douala usiku wa mvua na watu 114, tumesahau? Ilitafutwa karibu siku mbili, wakaipeleka misako mbali huko misituni, kumbe ilianguka kilomita tano na kitu tu kutoka mwisho wa kiwanja, imezama kwenye mikoko. Mikoko! Mtu wa Amu aliyewahi kukata boriti anajua mikoko inavyoficha, unaweza kupoteza mtumbwi wako uliouegesha mwenyewe. Hiyo ni kilomita tano nchi kavu ya matope. Na huko Pate, Shanga, wazee wametusimulia chombo cha Wachina kilichovunjika miaka 600 ilopita, watu wakaogelea wakaoa wakasilimu, na 2010 wataalamu wa Kichina na wa makumbusho yetu wakaanza kukisaka. Miaka 600 na mtu bado anavaa chupa ya hewa anazama kutafuta. Kwa hiyo nikisikia 2025 Malaysia imekubaliana tena na Ocean Infinity, wakipata wanalipwa dola milioni 70, wasipopata hakuna senti, kilomita za mraba 15,000 mpya, sioni ajabu. Zaidi ya 150 katika wale abiria walikuwa Wachina. Kuna mama Beijing bado analipia laini ya mwanawe isifungwe, hilo nalifikiria tu mimi, sina ushahidi, lakini kibandani kwangu nimewaona wanaofanya hivyo kwa waliozama hapa Mkanda.

Basi Jumapili nikapanda boti mpaka Kipungani. Nimebeba futi ya fundi, brashi, tochi, na karatasi nilizochapisha za vipande vyote vilivyopatikana. Ami nimemkuta amekaa chini anasuka uzi wa wavu. Masalkheri, masalkheri, akauliza watoto, akauliza bei ya unga mjini, tukanywa chai, halafu nikasema ami nataka kuuangalia mlango wa bata. Akaniangalia kama nimesema nataka kumuoa bata.

Nimepima. Urefu kama mita moja, upana sentimita sitini na kitu. Unene kama wa kidole gumba. Juu gamba jeupe jembamba limepasuka pasuka, ndani sega. Rangi upande mmoja imeisha kabisa, upande wa pili mavi ya bata, nimekwangua nusu saa. Hakuna namba hakuna herufi, tundu mbili za misumari lakini hizo za ami mwenyewe. Na hapa niseme ukweli kabla hamjanishambulia: vitu vya sega namna ile viko vingi, kuna boti za kitajiri zinajengwa hivyo, kuna milango, kuna makontena ya barafu, na Shela zinakuja yoti kila msimu. Mimi fundi simu tu. Nilipiga picha 40, nikazituma kwa anwani moja ya ofisi ambayo niliambiwa ndiyo, mpaka leo kimya, hata ile meseji ya mashine ya "tumepokea" haikuja.

Ami alikiokota wapi? Upande wa bahari kuu, kwenye ule ufuo mrefu unaotoka Shela. Lini? "Kusi." Ami, kusi ya mwaka gani? Akafikiri sana. Mwaka ule punda wa kwanza alipokufa. Na punda alikufa lini? Akamwita mkewe, wakabishana, 2015, hapana 2017, mtoto wa fulani alikuwa tumboni, hapana alikuwa ashazaliwa, nikawaacha.

Halafu akasema kitu ambacho kiliniamsha. Kilikuwa kirefu zaidi. Kile kilichobaki baada ya kukata mlango alimpa mjukuu wake, watoto walikuwa wanakwenda nacho kwenye vilima vya mchanga wanakikalia wanateleza. Na maandishi? Akasema maandishi yalikuwepo upande ule, madogo, ndio maana akakata pale, mlango ukae msafi.

Mjukuu sasa ni kijana ana ndevu tatu, nilimpata pwani anatengeneza injini. Kipande kiko wapi? Kilivunjika, bahari ikakichukua. Maandishi unayakumbuka? Anakumbuka. Yalikuwa mekundu au meusi, yalikuwa na saba. Moyo ukanienda mbio, nikamuuliza una hakika ni saba, akasema saba, ama moja. Nikamwambia niandikie hapa mchangani vile ulivyoiona, akachuchumaa, akachora kwa bisbisi yake, akaitazama, akaifuta kwa kiganja, akachora tena vyengine, akaniuliza kwani unalipa kiasi gani.

Nimemwachia namba yangu. Na ami ameniambia nikitaka mlango niuchukue, ila nimpelekee kwanza bati la futi sita, manake kule kuna paka mwitu.